Waya wa Chumba cha Chini

Kalyna, Saskatchewan
3 Oktoba 1999

Mwanangu Lorne,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu Pasaka. Sisi huku tupo. Viazi tumeshavuna, bitiruti nimezitia kwenye chupa mpaka vidole vimegeuka rangi, na theluji ya kwanza ilianguka Jumanne ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Nyonga yangu ni ileile. Daktari anataka kuibadilisha ila foleni ni ya mwaka mzima, basi nangoja na fimbo yangu. Mwenzio Janine hajambo? Mwambie ule mto alionishonea ndio ninaoukalia sasa hivi.

Metro, Baba yako Mkubwa, anashinda kwenye chumba cha chini, na siku hizi analala hukohuko. Anasema kikohozi chake kitaniamsha. Sauti imemkauka tangu Julai, anasingizia vumbi la mavuno. Sikiliza vizuri, mtu mwenyewe hana shamba.

Haya, lililonifanya niandike. Shule imefungwa, na vitu vyake vikapigwa mnada. Nilitaka kompyuta moja ya kuandikia orodha ya makaburi ya kanisa, wakasema zinauzwa mbili mbili. Nikarudi na mbili. Moja ipo hapa juu jikoni, na printa yake. Nyingine Metro aliibeba akaishusha chini bila kuniuliza. Sasa nataka ziungwe kwa waya, nikiandika huku asome kule, akiandika kule nisome huku. Ukiniuliza kwa nini watu wawili wa nyumba moja wasitumie midomo waliyopewa na Mungu, nitakujibu siku nyingine. Nataka iwe tayari kabla ya katikati ya Januari.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Simu iko ukutani jikoni, na bomba la kupitishia hewa ya joto linapeleka kila neno chini. Yeye bado hataki jina lako litajwe humu ndani. Niandikie, mimi nitanakili kwa mkono wangu nimwambie nimesoma kwenye gazeti.

Mama yako Mkubwa,
Vera


Kambini
24 Oktoba 1999

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako imekaa Yellowknife siku tisa ikingoja ndege. Huku mgodini jua limeanza ubahili, linachomoza saa tatu na nusu na kuaga mapema. Chakula ni kingi, watu ni wachache, kazi ni ya kuangalia mitambo isilale. Nimechoka lakini si ugonjwa.

Ndani ya kifurushi utakuta kadi mbili ndogo za kijani. Kila moja inaingia tumboni mwa kompyuta, kwenye nafasi nyeupe, mpaka isikike imekaa. Mwache yeye azitie, mikono yake inajua. Waya ataupata wapi sina haja ya kukwambia. Mtu aliyefanya kazi ya laini za simu miaka thelathini na minane lazima ana waya wa kuzungushia kata nzima. Plagi za kufunga kwenye ncha nimeweka kumi na mbili, nyingi ni za akiba.

Halafu kila kompyuta inapewa namba. Nimeziandika kwenye karatasi nyingine, pamoja na mahali pa kubonyeza. Fuata mstari kwa mstari.

Kwa hiyo bado ananihesabia ile mitambo ya simu inayojiendesha? Ni kweli niliifunga mimi. Ni kweli ilipowashwa mafundi kumi na mmoja wakarudishwa nyumbani, naye akiwa wa kwanza kwenye orodha, na mimi kazi aliniombea yeye. Isingekuwa mimi, angeifunga mwingine wiki hiyohiyo. Nilimwambia hivyo mwaka tisini na tatu, na nadhani ndilo neno lililomuudhi zaidi.

Na sauti, kamwona daktari?

Wako,
Lorne


Kalyna
14 Novemba 1999

Lorne mwanangu,

Tumepata kifurushi, na barafu sasa imeshika. Mzee wa jirani amefariki, yule aliyekuwa akikupa mbegu za alizeti. Nilipika mikate mitatu ya msiba, na nyonga ilinilipiza usiku kucha. Hukunijibu kuhusu Janine.

Metro amezitia kadi. Hakuuliza zimetoka wapi. Alichukua siku mbili kutengeneza waya, akaupitisha kando ya bomba la joto na kuufunga kwa vibanio kila futi moja, umenyooka kama mstari wa rula. Mrembo, nakwambia. Akapanda juu, akausogelea ukuta, akautazama, halafu akashuka. Katika miaka sita hiyo ndiyo siku nimemwona ameridhika.

Ila haufanyi kitu. Kompyuta yangu inasema haimjui mwenzake. Yake nayo inasema hivyohivyo. Namba nilitia mimi mwenyewe, ile ya mwanzo kwenye karatasi yako, kote kuwili. Nyumba ni moja, anwani ni moja, barua zetu zinakuja kwenye sanduku moja. Sikuona sababu ya kutia mbili.

Nilimsomea maelekezo yako nikiwa nimeshika lile gazeti la wakulima. Akaniambia kwa ile sauti yake ya msasa, “Gazeti zuri hilo. Linajua mpaka nina waya.” Akarudi kwenye kiti chake.

Daktari alimwona. Mengine baadaye.

Vera


Kambini
2 Desemba 1999

Shikamoo Mama Mkubwa,

Pole na msiba. Yule mzee alinipa mbegu na makofi kwa kipimo sawa, Mungu amlaze.

Namba. Unakumbuka ile laini ya simu ya zamani, nyumba nane kwenye waya mmoja? Waya ulikuwa mmoja lakini kila nyumba ilikuwa na mlio wake, ndiyo maana ikilia mlijua ni ya nani. Wenu ulikuwa mlio mrefu mmoja na mifupi miwili. Baba Mkubwa alikuwa akinigongea mlio huo mezani kwa kijiko kuniita nije kula nikiwa mdogo. Basi na kompyuta ni hivyohivyo. Ya juu iachie namba inayoishia na moja, ya chini itie inayoishia na mbili. Ukitia moja kote, ni sawa na nyumba mbili zenye mlio mmoja, wote wananyanyua na hakuna anayejua kaitwa nani.

Ukimaliza, zungukia nyuma ya kompyuta. Kwenye kadi, pale waya unapoingia, kuna kitaa kidogo cha kijani. Kama kimewaka, waya ni mzima na kosa liko kwenye namba. Kama hakikuwaka, acha namba, kosa ni waya. Plagi zinaonyesha ndani kama kioo, kwa hiyo niandikie rangi za nyuzi, kuanzia kushoto, ncha ya juu na ncha ya chini.

Unasema “mengine baadaye.” Mama Mkubwa, wewe ukisema baadaye huwa ni jambo baya. Niambie.

Lorne

Janine aliniacha Agosti. Sikupenda kuliandika. Mto ukalie tu.


Kalyna
19 Desemba 1999

Mwanangu,

Pole. Ningejua nisingekuuliza kila barua. Uliniacha nikichokonoa kidonda miezi mitatu. Mimi ningekwambia yangu na wewe ungeniambia yako tangu mwanzo, tungekuwa tumeshalia tukamaliza. Tumezaliwa ukoo wa vifuniko.

Haya, nafunua changu. Ni saratani ya koo. Tarehe 18 Januari, Jumanne, Saskatoon, wanakiondoa kisanduku cha sauti. Watamtoboa tundu shingoni, atakuwa anapumulia hapo. Hataongea tena, Lorne. Wanasema kuna vifaa vya kujifunzia kusema upya, na yeye amesema hataki kuongea kama redio. Mwandiko wake hausomeki, ni vichwa vya samaki, lakini vidole viwili kwenye kompyuta vinamtosha. Na mimi ngazi siziwezi, nikishuka mara moja kwa siku ndiyo nguvu zangu zote. Miaka arobaini na moja ameniita kwa kupiga kelele ngazini, “Vera, chai,” nami nikimtukana kimoyomoyo. Sasa unajua kwa nini nataka waya.

Namba nimebadilisha, baada ya kumsomea ule mfano wako wa mlio kana kwamba umo gazetini. Kitaa hakiwaki, si juu wala chini. Rangi hizi hapa, na nikisema nyeupe ya kitu ni nyeupe yenye mstari wa rangi hiyo: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Hiyo ni ya juu. Ya chini ni hivyohivyo, sawasawa kabisa. Ameukata na kuufunga upya mara tatu, na kila mara ni mzuri kuliko ulivyokuwa.

Nina ombi lingine, na hili halihusu kompyuta. Jumapili tarehe 16, saa nne asubuhi kwa saa zetu, nitakwenda kanisani. Yeye haendi, atakuwa peke yake, na nitamwambia akae jikoni aniangalizie supu. Piga simu. Bado ana sauti ya kusema maneno machache. Usipompata siku hiyo hutamsikia tena.

Tarehe 6 tutaandaa mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, vyakula kumi na viwili kama kawaida, watu wawili. Nitaweka sahani ya asiyekuwepo. Ameniona nikiihesabu.

Vera


Kambini
8 Januari 2000

Mama Mkubwa,

Barua yako imenifikia jana. Nimeisoma, nikaenda kazini, nikarudi nikaisoma tena. Nitapiga simu. Kuna simu moja ya setilaiti kwa watu wote na foleni yake ni ya ugomvi, lakini nimeshabadilishana zamu na jamaa mmoja, hiyo saa ni yangu.

Waya: kosa nimeliona. Ni langu, nilipaswa kusema mapema. Waya wake ni sahihi na ndiyo maana haufanyi kazi. Kila kompyuta ina jozi moja ya nyuzi ya kusemea na jozi moja ya kusikilizia. Kwenye zake mbili, mdomo umefungwa kwa mdomo na sikio kwa sikio. Zinasema zote na hakuna inayosikia. Zikiungwa moja kwa moja, lazima nyuzi zipishane. Ncha ya juu iache ilivyo. Ncha ya chini tu, jozi ya chungwa ihamie mahali pa kijani, na ya kijani mahali pa chungwa. Kwa mpangilio, kutoka kushoto: nyeupe ya kijani, kijani, nyeupe ya chungwa, buluu, nyeupe ya buluu, chungwa, na za kahawia zibaki. Kitaa kitawaka papo hapo.

Hatapenda. Kazini jambo la kwanza kabisa alilonifundisha ni hilo, kwamba nyuzi hazipishani.

Lorne


Kambini
19 Januari 2000

Mama Mkubwa,

Nilipiga Jumapili saa nne. Ililia mara kumi na nne. Nikakata, nikapiga tena, ikalia mpaka jamaa wa nyuma yangu akanishika bega. Nadhani mliondoka mapema kwenda Saskatoon kwa kuhofia barafu. Niambie tu operesheni ilikwendaje. Ndege haziruki tangu Jumatatu, sijui hii itatoka lini.

L.


Kalyna
6 Februari 2000

Mwanangu Lorne,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya mwanzo na ya mwisho zimefungwa kwa mpira mmoja. Metro amerudi. Wamekata vizuri, wanasema wameitoa yote. Anakula uji na supu. Anavaa kitambaa shingoni na hataki nimwone akikibadilisha. Nimemnunulia kibao cha watoto cha kuandikia kwa chaki.

Kuhusu simu ya Jumapili usiniulize. Nilikwenda kanisani kama nilivyokwambia. Nilirudi supu imeungua.

Nilimpa mpangilio wako wa nyuzi. Safari hii sikushika gazeti, nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia, “Imetoka kwa Lorne. Zote zimetoka kwa Lorne.” Akaandika kwenye kibao: NAJUA. Akafuta, akaandika: GAZETI GANI LINAJUA MLIO WETU. Nikamwuliza kama atazipisha. Akaandika HAPANA, akapigia mstari chini mpaka chaki ikakatika.

Usimwone mkaidi bure. Wewe hujui hili, naye hakuwahi kulisema. Mwaka hamsini na nane, alipokuwa na miaka ishirini na miwili, alirekebisha nguzo moja baada ya dhoruba, giza limeshaingia, akapisha nyuzi kwa makosa. Wiki hiyo mke wa mtu alishikwa na uchungu, wakampigia mkunga, simu ikalia kwa muuza mbegu aliyekuwa safarini. Mtoto hakupona. Kampuni ilisema ni dhoruba, lakini yeye alijua mkono ulikuwa wa nani. Tangu siku ile hakuna nguzo aliyoiacha bila kuikagua mara tatu. Sasa mwambie mtu huyo apishe nyuzi za nyumba yake kwa makusudi.

Kwa hiyo nashuka ngazi na kupanda. Nimechoka, Lorne. Sikwambii ili unihurumie, nakwambia kwa sababu huku hakuna mwingine wa kumwambia akanijibu.

Vera


Kalyna
20 Februari 2000

Lorne,

Ninaandika mimi, Metro. Hii imeandikwa chini na imetokea kwenye printa ya juu, kwa hiyo huna haja ya kuuliza kama waya unafanya kazi. Vera ameniahidi ataitia kwenye bahasha bila kuisoma. Ataisoma.

Barua ya Vera kuhusu mwaka hamsini na nane ameniambia aliituma. Nilikasirika siku moja. Haya, umejua.

Jumatano alikuwa anashuka na bakuli la supu, nyonga ikamgoma katikati ya ngazi. Akakaa hapo. Hawezi kupanda, hawezi kushuka. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua na mimi nilikuwa nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto nikibadilisha kitambaa. Akaniita. Nikafungua kinywa kumjibu kama ninavyomjibu siku zote, pakatoka upepo shingoni. Akaniita tena. Nilikuwa nakwenda, lakini miguu yangu si ya zamani, na yeye hanioni. Mara ya tatu hakuita jina, alilia. Nilipomfikia alikuwa ameshaamini nimekufa. Aliniambia hivyo huku amenishika kola. Nilikuwa futi kumi na mbili kutoka kwake na sikuwa na njia ya kumwambia nipo.

Jioni hiyo nikakata ncha ya chini. Nimezipisha kama ulivyoandika, chungwa kwa kijani. Nilikagua mara tatu kwamba nimekosea sawasawa. Kitaa kikawaka. Neno la kwanza nililompelekea ni “Vera, nipo.” Akanijibu anajua, na kama nataka chai niseme. Kwa maoni yangu waya ule bado ni aibu, na nimeufunika kwa ubao ili mafundi wenzangu wakija wasiuone.

Sasa jambo la Jumapili ile. Mwenzangu hataki kukwambia, basi nitakwambia mwenyewe. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni chini ya simu. Ililia mara kumi na nne, halafu kumi na tisa. Nilijua ni wewe tangu ya kwanza, hakuna mtu mwingine anayetupigia saa ya misa. Nilikuwa na sauti, si nyingi, ya kutosha kusema jina lako na maneno mengine kama kumi. Miaka thelathini na minane nilipanda nguzo kwenye baridi ya kuua ili simu za watu zilie, na hiyo niliiacha ilie. Nilikuwa nasubiri nijue nianze na neno gani. Ilipokatika nikawa nalijua. Nilitaka kukwambia kwamba ulisema kweli, kama si wewe angeifunga mwingine. Na kwamba mitambo uliifunga vizuri. Niliingia kuiangalia siku ya kukabidhi funguo, sikumwambia mtu. Hakuna uzi uliolegea.

Sasa sina cha kukuambia kwa mdomo. Vidole viwili ndio hivi, vimenichukua siku nzima kufika hapa.

Jumapili yoyote, saa nne, piga. Vera atakuwa kanisani. Nitanyanyua mimi. Usingoje sauti, haipo. Nimeweka kijiko juu ya meza chini ya simu. Nitagonga mara moja, nitulie, kisha mara mbili za haraka. Unaukumbuka mlio huo, umeuandika mwenyewe. Ukiusikia, ujue nimepokea.

Metro